Mwiko wa Pumzi

Kata ya chuma cha pua, tani mia na kumi,
huwezi kuikoroga kwa mwiko.
Wa mti ungekuwa moshi kabla ya kugusa,
wa chuma ungeyeyukia humo humo,
na kuchungulia ndani, hilo nalo ni mwiko.
Kwa hiyo huikoroga kwa pumzi:
agoni, hewa isiyooa wala kuolewa,
hupenyezwa chini, kwenye tofali lenye vitundu,
ipande na chochote kitakachokubali kupanda.

Torkel Lindmyr aliipima pumzi hiyo
miaka thelathini na mmoja, huko Luleå,
ambako Februari ghuba huwa barabara
na magari hupita juu ya bahari.
Mkono kwenye vali, sikio kwenye mngurumo
(sikio moja; la pili kazi ilishalichukua),
alikijua chuma kama umjuavyo jirani
kwa kikohozi chake nyuma ya ukuta.

Leo bintiye, Gunvor, amemwita maabara.
"Baba, njoo uione kata yako."
Tangi la plastiki angavu, kimo cha kiuno,
maji ya bomba,
na juu yake mafuta ya kupikia, mekundu,
yakiigiza mavi ya chuma.
Mzee akacheka. "Hiki ni kidimbwi cha samaki."
"Maji haya baridi na chuma chako cha moto
hutiririka kama ndugu," binti akasema. "Subiri."

Akafungua.
Viputo vikachomoza, safu ikapanda ikinenepa,
ikafika juu, ikatawanyika,
ikagonga ukuta, ikashuka na ukuta,
ikarudi chini kutafuta ilikotoka.
Akadondosha rangi ya zambarau, tone moja:
likavutwa, likanyooshwa, likasukwa ukili,
na sekunde ya arobaini na moja
(saa ilikuwa mkononi mwangu, ndiyo kazi yangu pale)
tangi zima lilikuwa zambarau,
ila kona ile ya chini, mbali na tofali,
maji yamekaa kama mtoto aliyenuna.
"Hapo," mzee akasema, kidole kwenye plastiki.
"Hapo ndipo manganizi ilipokuwa ikinilalia."

Kisha, kwa sauti ya zamu ya usiku: "Ongeza."
Gunvor akaongeza.
Mafuta yakasukumwa, yakaachana,
likafunguka jicho,
tupu, pana, lisilo kope,
na pembezoni mwake wekundu ukakatika shanga shanga
ukazamishwa kwenye maji uliokuwa ukiyafunika.
Torkel akanyamaza. Akavua kofia, akaivaa tena.

Kuna bamba moja, akatuambia.
Desemba, zamu imechelewa, msimamizi anapiga simu,
nikafungua vali hadi mwisho. Nilidhani
kukoroga sana ndiko kusafisha sana.
Bamba likapasuka kwa mteja. Hakufa mtu.
Lilirudishwa kwa treni, lina theluji,
na ndani ya ufa, chini ya darubini,
mavi ya chuma. Hivyo hivyo. Shanga shanga.
Nikawaambia kosa ni la tofali.

Tofali halikujitetea.
Gunvor alikuwa na miaka sita Desemba hiyo;
anakumbuka baba aliyekula amesimama.

"Punguza," mzee akasema.
Akapunguza.
"Bado."
Akapunguza tena, hadi jicho likasinzia,
hadi uso wa mafuta ukatetemeka tu
kama utando wa maziwa yanayokaribia kuchemka.
Ndipo tukaziona zile chembe
alizozitia Gunvor asubuhi, laini kuliko unga wa muhogo,
zikipanda polepole, kila moja imekumbatia kiputo,
zikifika kwenye wekundu, zikinasa,
zisirudi.

"Dakika ngapi, Baba?"
Hakutoa namba. Aliinama,
magoti yakilia, akalaza kwenye tangi
sikio lake lililokufa.
"Sisikii kitu," akasema. "Iache hivyo."